Itoeni Baiskeli Stoo: Wito kwa Watu wa Kilosa na Mikumi

Ndugu zangu wa Kilosa, Kimamba, Rudewa, Ulaya na Mikumi, nawaandikia hasa nyinyi mlioacha baiskeli siku mlipoanza kupokea mshahara, au siku bodaboda zilipojaa kila kijiwe. Wengi wetu tulijifunzia kwenye Phoenix ya baba, mguu mmoja tumeupitisha chini ya bomba la juu kwa kuwa kiti tulikuwa hatukifikii. Tukakua nayo. Tukaipeleka mashineni na gunia la mahindi, tukaendea sekondari, tukabebea mgonjwa hospitali kabla gari la wagonjwa halijawa jambo la kutegemewa. Kisha tukaiegemeza ukutani, tairi zikalala, kuku wakapata pa kutagia. Nawaomba turudi.

Simwambii mtu auze pikipiki. Uchungu wa mama usiku wa manane hausubiri mtu akanyage pedeli, na mwenye kwenda Dumila na kurudi kabla ya saa sita ana haki ya kutumia mashine. Ninachozungumzia ni zile safari fupi zinazokula mfuko bila sisi kuziona: nyumbani hadi ofisini, ofisini hadi sokoni, sokoni hadi msibani. Tuseme unalipa bodaboda shilingi 1,000 kwenda kazini na 1,000 kurudi. Kwa siku 26 za kazi ni 52,000. Kwa mwaka ni 624,000. Nenda dukani na hesabu hiyo mkononi, uulize inanunua baiskeli gani, na chenji itakayobaki inunue tyubu ngapi.

Kuna na hesabu ya mwili. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Dakika 15 kwenda na 15 kurudi, siku tano, ndizo hizo. Hazihitaji gimu wala viatu vya bei, na hazikupotezei muda, maana kazini ungekwenda tu. Siku hizi kila ukoo una mgonjwa wa presha au sukari, na mara nyingi ni yule aliyekuwa akitembea sana zamani, kisha akapata nafasi ya kukaa.

Kinachotuzuia, tuseme ukweli, ni aibu kuliko umri. Mwalimu mkuu akionekana juu ya baiskeli, hakosekani wa kuuliza kama mshahara umechelewa. Mama mtu mzima akionekana, wapo watakaosimama kutazama. Lakini shukeni bonde la Kilombero mpaka Ifakara, ambako nako ni Morogoro hii hii, muone: kule baiskeli ni ya kila mtu, mama wa makamo anapita na kapu lake nyuma na hakuna anayegeuza shingo. Ardhi yao ni tambarare, kweli, ila hata mji wa Kilosa ulio bondeni mwa Mkondoa hauna mlima wa kumtisha mtu. Na tangu 2024, treni ya SGR ya Dar es Salaam na Dodoma ilipoanza kubeba abiria, tumepata sababu mpya. Mtu anatoka Dar kwa treni ya kisasa, anashuka Kilosa, kisha kipande cha mwisho cha kufika nyumbani anakilipia kwa kupatana bei gizani.

Basi umekubali, unataka kununua. Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu aliyekaa miaka ishirini bila baiskeli akiingia dukani leo anakutana na vitu ambavyo hakuviacha: gia 21, springi mbele na nyuma, breki za sahani, rangi zinazowaka kama harusi. Muuzaji atakuuliza unataka ya aina gani. Wewe, kabla hujamjibu, jiulize nani ataitengeneza.

Nenda kwa fundi wako kwanza. Kila mtaa una wake, yule mwenye boksi la mbao, pampu ya kusimama na tairi kuukuu zilizoning'inizwa mtini. Mwamkie, kaa kwenye benchi lake, mtazame anavyoziba pancha. Anaipindua baiskeli ikae kwa kiti na usukani. Anang'oa tairi upande mmoja kwa bapa za chuma, anaivuta tyubu, anaijaza upepo na kuipitisha polepole kwenye beseni la maji hadi vipovu vitoke. Anapakausha, anapakwangua kwa msasa, anapaka solusheni na kuiacha ikauke mpaka isishike kidole. Hapo kwenye kusubiri ndipo fundi mvivu na mteja mwenye haraka wanapoharibu kazi pamoja. Kisha anabandika kiraka na kukigongagonga. Na kabla hajarudisha tyubu anapitisha vidole ndani ya tairi, taratibu, kuutafuta mwiba uliofanya kazi hiyo, maana asipoutoa utakuwa umerudi kwake kesho. Ukimwona fundi anayefanya hivyo, huyo ndiye wa kumwuliza ununue nini. Mwulize ana vipuri vya baiskeli gani humo ndani ya boksi. Jibu lake lina maana kuliko tangazo lolote.

Atakachokwambia, kama ni mkweli, kinaanza na tairi. Wengi tunadhani namba 26 ni 26. Sivyo. Baiskeli nyingi za gia zinavaa 26, na zile za mtumba kutoka Japani, zenye kikapu mbele, nazo nyingi zinavaa 26, lakini ringi zake hazilingani na tairi ya moja haiingii kwenye nyingine. Tazama ubavuni mwa tairi, kuna namba ndogo za pembeni ambazo watu hawazisomi. Ya gia yenye 26 itaonyesha 559. Ya Japani yenye kuandikwa 26 × 1 3/8 itaonyesha 590. Hizo ni milimita za kipenyo pale tairi inapokalia ringi, na tofauti ya milimita 31 hailazimishwi kwa nguvu za mikono. Phoenix kubwa ya zamani yenye 28 × 1 1/2 ni 635. Kuna watu wamenunua baiskeli safi kabisa ya mtumba, nyepesi, yenye dinamo, tairi ilipokwisha wakaizungusha maduka yote ya mjini na kurudi nayo mkononi. Kwa hiyo kabla ya kulipa, andika ile namba ndogo kwenye simu, pita dukani, uliza kama wanayo. Wakikuletea tairi ukaisoma kwa macho yako, nunua baiskeli. Wakikwambia "tutakuagizia Morogoro", ujue kila tairi ikiisha utakuwa unaagiza Morogoro.

Tazama na valvu. Ile ya gia mara nyingi ni kama ya pikipiki, unaweza kuijaza upepo popote penye kompresa. Ya Phoenix na ya Kijapani ni ile nyembamba yenye kipande cha mpira au kisindano ndani, inataka pampu ya mkono. Zote mbili ni nzuri. Ubaya ni kufika kijiweni jioni tairi imelala na pampu iliyopo haikubaliani na yako.

Sasa ipi? Nitasema ninavyoona mimi, asiyekubali abishane nami. Mwenye kubeba mzigo, wa mkaa, ndizi, maji au majani ya ng'ombe, asihangaike na mageni: Phoenix au ndugu zake wa Kihindi wenye fremu nene, breki za fito na keria ya chuma ndio wenzake. Ni nzito, karibu kilo ishirini, na kwenye mlima utashuka usukume. Lakini kila kitu chake kinafunguka kwa spana mbili na kinapatikana mpaka kwenye duka la kijijini. Mwenye safari za ofisini na kanisani au msikitini, hasa mama anayevaa gauni, kitenge au baibui, ile ya Kijapani yenye bomba la chini na boksi la kufunika cheni ni raha tupu, ilimradi suala la tairi limekwisha kujibiwa. Na anayekaa njia za udongo, au anayetaka kupanda kuelekea milimani siku ya mapumziko, achukue ya gia yenye tairi pana.

Ila hiyo ya gia ichukue isiyo na mbwembwe. Springi za baiskeli ya bei rahisi hazinyonyi mishtuko, zinaongeza uzito tu, na baada ya masika moja zinaganda kwa kutu. Gia saba za nyuma zinatosha mlima wowote ambao mtu wa umri wetu atakubali kuupanda. Breki za sahani kwenye baiskeli ya bei ya chini zinapiga kelele na pedi zake huzioni dukani. Breki za waya za kubana ringi, fundi anazirekebisha huku mnazungumzia mpira.

Halafu kuna udongo wetu. Anayeijua Tindiga, au mbuga ya Mkata wakati wa mvua, anaujua ule udongo mweusi unaojikusanya kwenye tairi mpaka gurudumu linagoma. Madigadi iliyokaribiana na tairi inageuka breki. Kwa njia hizo chagua baiskeli ambayo vidole viwili vinapita kati ya tairi na fremu, na kijiti cha kukwangulia kisikosekane kwenye keria. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalitufundisha Mkondoa unaweza kufanya nini. Maji yakiwa juu ya barabara, hata ya magotini, usivuke. Hakuna baiskeli ya kufaa hapo.

Ukinunua mtumba, usione haya kuipekua. Inyanyue, izungushe magurudumu, tazama kama ringi inayumba inapopita kwenye breki. Shika krenki uitikise kushoto na kulia: ikicheza, gololi zimekwisha au kikombe kimelika. Vuta cheni kwa vidole pale mbele ya jino kubwa. Ikiachana na meno mpaka unaona mwanga katikati, imevutika, na huenda imekula meno pia. Chunguza maungio ya fremu, hasa nyuma ya usukani. Rangi iliyopasuka mstari mwembamba pale si mkwaruzo. Mwisho, andikishaneni mauziano, na namba ya fremu iwemo, mbele ya serikali ya mtaa. Baiskeli nzuri inayouzwa haraka na kijana asiyejulikana ina mwenyewe analia mahali.

Kiti watu wengi wanakiweka chini mno, magoti yanapiga kifua, kisha wanasema baiskeli inachosha. Kaa, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa: mguu unyooke. Ukianza kukanyaga kwa mbele ya wayo, goti litakuwa limekunjika kidogo, ndivyo inavyotakiwa. Kama hujioni salama kwa urefu huo, anza chini na upandishe kila wiki kidogo. Wiki ya kwanza makalio yatauma, hilo linapita lenyewe. Mwenye presha, mwenye matatizo ya moyo, au aliyevuka sitini bila mazoezi, apite kwanza kituo cha afya apimwe. Na anza kiangazi, kuanzia Juni, barabara ikiwa kavu, kabla jua halijapanda. Njia za mashamba ya mkonge kuelekea Kimamba asubuhi hiyo zina upepo ambao mtu wa Kariakoo angelipia.

Kwa ndugu wa Mikumi nina neno la ziada. Nyinyi mnakaa kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia, na malori yake hayana masihara. Likikupita kwa kasi, upepo wake unakusukuma nje kwanza, kisha unakuvuta ndani. Shika usukani kwa mikono miwili na uwe kwenye bega la barabara kabla halijafika. Safari za mitaani, za Kidodi na za vijijini, zifanyeni. Lakini ile sehemu ya takriban kilomita 50 inayokatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, hifadhi iliyopo tangu 1964, isiwe ya baiskeli. Simba na nyati hawatofautishi mfanya mazoezi na kitoweo au adui. Pakieni baiskeli kwenye basi, mlipie, mshuke ng'ambo. Na jioni, tembo wanapokaribia mashamba, mtu awe nyumbani.

Sasa niseme na wenzetu wengine wa barabara, kwa maana kununua baiskeli ni jambo la mtu na mfuko wake, lakini kufika salama ni jambo letu sote. Lami iliyotoka Dumila kupitia Rudewa ni neema, na kila kipande kinachoongezwa kuelekea Mikumi tunakipigia makofi. Lakini zamani mashimo ndiyo yaliyokuwa yakipunguza mwendo wa magari badala ya askari. Lami ikija, mwendo unapanda siku hiyo hiyo, na anayelipia ni mtoto wa shule na mzee mwenye gunia la mkaa kwenye keria. Tunaiomba TANROADS kwenye barabara kuu na za mkoa, na TARURA kwenye zetu za wilaya, bega la barabara liwe pana, liwe la lami kama barabara yenyewe, lisiishie ghafla darajani. Darajani ndipo mwenye baiskeli anapobanwa. Matuta na alama ziwekwe mbele ya kila shule. Diwani akija kuomba kura, hilo ni swali halali la kumwuliza, kama tunavyomwuliza maji.

Halmashauri, hospitali, wasimamizi wa soko na wa stesheni: bomba la chuma lililochimbiwa kwenye saruji, lenye kivuli, mtu afungie baiskeli yake aikute. Ni kazi ya fundi wa kuchomelea ya siku moja. Baiskeli nyingi zinabaki nyumbani si kwa uvivu, ni kwa kuwa mwenyewe hana pa kuiacha.

Madereva na vijana wa bodaboda, nyinyi ni wanetu. Mtu wa baiskeli mwachieni nafasi ya mita moja na nusu, na honi ipigeni mkiwa mbali. Ikipigwa sikioni inamtupa mtaroni. Nasi wa baiskeli tusijitoe. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inatuhusu pia. Upande wa kushoto, taa usiku mbele na nyuma, mkono unyooshwe kabla ya kukata kona. Ukikosa taa, kipande cha kung'aa nyuma ya madigadi na fulana nyeupe ni afadhali kuliko koti jeusi na maombi. Dinamo ya Kijapani haihitaji betri hata moja. Na pombe ya kienyeji ina ajali zake hata bila injini.

Nimalizie na watoto. Shule za kata zimejengwa, lakini kuna wasichana wanaotembea mwendo mrefu alfajiri na kurudi giza likikaribia, na tunajua njia hiyo inawapotezea wangapi. Mwaka 2006 serikali ya jimbo la Bihar, India, ilianza kuwapa wasichana wanaoingia sekondari pesa za kununua baiskeli. Watafiti walipokuja kupima, uandikishaji wa wasichana ulikuwa umepanda kwa karibu theluthi. Bihar ni jimbo maskini. Hawakusubiri kutajirika.

Kwa hiyo ukitazama stoo ukaona kwamba ile iliyomo huihitaji, magoti yamekataa au umehamia kwenye gari, usiiache iishe kwa kutu ukingoja mnunuzi. Mpelekee mwalimu mkuu wa shule ya kata iliyo karibu nawe. Iandikwe kwenye daftari la mali za shule, fundi wa mtaa aitazame, ibadilishwe tairi, tyubu na pedi za breki, kazi ambayo kamati ya wazazi inaweza kuibeba kwa michango midogo. Apewe msichana anayekaa mbali kuliko wote, aitumie mpaka kidato cha nne, kisha airudishe kwa anayemfuatia. Mkilianza hili shule moja Kilosa na moja Mikumi mwaka huu, nitafurahi kusikia ni zipi.